Kilo na Mbwa Asiyenenepa

Simu ya hospitali ilinikuta nimechuchumaa kwenye uwanja wa ghala, namwagia mafuta kwenye wali wa mbwa. Muuguzi aliniuliza kama mimi ndiye mdogo wake mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Nikasema ndimi. Akaniambia nitafute mahali nikae. Nikakaa hapo hapo chini, kwenye vumbi la mahindi, naye akaniambia kwa sauti ya upole kwamba kaka yangu amepumzika asubuhi ile, muda mfupi baada ya kuomba maji.

Mbwa hakuwa na habari. Alikula, akailamba sahani mpaka ikagonga ukuta, kisha akaja kuninusa mikono. Nikamwambia, "Amekwenda." Hivyo wa kwanza kupewa taarifa ya msiba wetu alikuwa mbwa, kabla hata ya mama aliyemzaa marehemu. Sikupanga iwe hivyo. Ila kama si mbwa yule, tusingejua siku ile tuliyojua kwamba kaka anaumwa. Na kama si yeye, huenda tungejua mapema zaidi. Nimelipeleka jambo hili kwenye maombi mara nyingi na bado sijapewa jibu. Kwa hiyo naandika tu jinsi lilivyokuwa.

Kaka, watu walimwita Kilo. Alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka tangu alipomaliza shule mpaka mvi zilipoanza kumtoka. Mkulima akileta mahindi au maharage, mzigo hupakiwa kwenye toroli la chuma, toroli likasukumwa juu ya mizani kubwa ya sakafuni, naye akasoma. Kila toroli lina uzito wake, umeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mpini. Unasoma jumla, unatoa ya toroli, kinachobaki ni mali ya mkulima. Toroli lenyewe halipimwi tena. "Chuma hakinenepi wala hakikondi," alizoea kusema. "Ukishakipima mara moja, mmemalizana."

Wakulima walimpenda. Wapo wapimaji wanaoegemeza mzigo kwenye goti ili upungue, wapo wanaouinua ukingo wa mizani kwa kidole cha mguu huku wanakupa pole ya safari. Kaka alisoma akiwa amefunga mikono nyuma, kila mtu aione. Watu walipita maghala mengine wakaja kwake, wakisubiri foleni juani.

Wapagazi nao walikuwa na mchezo wao. Mpagazi akishainua gunia begani, kabla hajapiga hatua, hutaja uzito kwa kukisia: "Tisini na mbili!" Kaka naye, likifika kwenye mizani, hujibu, "Tisini na nne, umezeeka." Ghala zima lilikuwa likienda kwa sauti hizo mbili. Kiongozi wao, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma ambaye wote walimwita Bonge, alikuwa akikosea kwa nadra sana, na akipatia alitaka ashangiliwe.

Nyumbani tulikuwa watatu: kaka, mama na mimi. Mkewe alifariki zamani bila kuacha mtoto, na kaka hakuoa tena. Mimi nashona sare za shule sebuleni, mama hukaa kwenye kiti chake karibu na redio akifuatilia ibada. Kaka akirudi jioni alikuwa anavua viatu mlangoni, anapiga vumbi suruali, anauliza, "Mama, umeshindaje?" Mama anajibu, "Nimeshinda nikikusubiri." Hivyo kila siku.

Huyo mbwa alikuja ghalani mwenyewe, hakuna aliyemleta. Jike, rangi ya majani makavu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakujua kukaa. Alifukuza panya katikati ya magunia, akafukuza njiwa juu ya paa la chini, na kila lori lilipoingia alikimbia nalo kutoka getini mpaka kwenye mizani, akalisindikiza tena mpaka getini, kana kwamba bila yeye dereva angepotea njia. Wakamwita Haraka. Walinzi walimpenda kwa sababu hakuna mgeni aliyepita bila kubwekewa. Ila alikuwa amekonda, mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani.

"Haraka haina baraka," Bonge alikuwa akisema. "Huyu hata umpe ng'ombe mzima na pembe zake, atammaliza kwa kukimbia."

Akaja msimamizi mpya, na kitu cha kwanza alichokiona ni mbwa. Alimwita kaka nje.

"Wanunuzi wanakuja hapa kununua chakula, wanapokewa na njaa," alisema. "Ghala limejaa mpaka dari, mbwa wa mlangoni mifupa mitupu. Nani atatuamini?"

"Anakula, bosi. Tunampa."

"Basi ana ugonjwa. Mavuno yakiisha akiwa hivi, naita mtu amchome sindano alale. Nitaleta mwingine."

"Akifika uzito gani utamwacha?"

Msimamizi akacheka. "Si wewe ndiye Kilo? Utaniambia wewe."

Kaka alirudi nyumbani siku ile bila kumuuliza mama ameshindaje. Mama alipomuuliza, alisema, "Wanataka kuua mfanyakazi kwa sababu ni mwembamba." Jumamosi alimfunga Haraka kamba, akampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la mbegu. Mimi nilifuatana naye kwa sababu mbwa alihitaji watu wawili: mmoja wa kumshika na mmoja wa kumwomba radhi.

Daktari alimtazama meno, akamkagua macho, akampima. Kilo kumi na tano. Akampa dawa ya minyoo, akasema minyoo iliyomo si mingi.

"Huyu si mgonjwa, ni mkimbiaji," alisema. "Anachokula asubuhi, kabla ya adhuhuri kimeshakwisha miguuni. Mnampa mara ngapi?"

"Mara moja, jioni," kaka akasema. "Tena sahani inafurika."

"Ndilo kosa. Tumbo lake dogo. Mpe mara nne, kidogo kidogo. Wali na mayai, maini, samaki asiye na miiba, na mafuta juu. Lakini mafuta mwongezee taratibu. Ukimwaga yote leo, kesho ataharisha na mtarudi nyuma. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inapasuka kama vijiti. Akishakula afungwe kivulini, apumzike. Malori yatajisindikiza yenyewe."

"Afike ngapi?"

"Kwa umbo lake, ishirini na mbili. Mpime kila wiki. Ila usitegemee namba peke yake, kaka. Mpapase. Mbavu ziguswe, zisionekane. Hapo amefika."

Kaka alicheka. "Daktari, kupapasa nimewaachia wanunuzi wa vitambaa. Mimi nina mizani."

Shida ilikuwa Haraka hakukubali kusimama juu ya mizani. Alishuka upande huu, akapandishwa, akashuka upande ule. Wapagazi wakacheka mpaka wakaweka magunia chini. Mwishowe kaka alipanda yeye kwanza, peke yake: sabini. Kisha akamkumbatia mbwa, akapanda naye: themanini na tano.

"Hili toroli jipya," Bonge alipaza sauti. "Na toroli lazima liandikwe!" Akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu, akamgeuza kaka, akamwandikia mgongoni, juu ya aproni ya turubai iliyomzunguka mpaka nyuma: 70. Ghala zima lilipiga makofi. Kaka ndiye aliyecheka kuliko wote. Alirudi na aproni ile nyumbani kutuonyesha, akazunguka sebuleni kama mwanamitindo, mama akifuta machozi ya kicheko.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa jiko la mbwa. Mimi nilipika wali asubuhi pamoja na uji wa mama, nikaufunga kwenye makopo manne. Kaka alinunua maini kila alipopita buchani, mpaka muuza nyama akamuuliza kama ana mke mja mzito. Mafuta alianza na kijiko kidogo, akaongeza kidogo baada ya siku kadhaa, akiangalia kinyesi cha mbwa kwa makini mno. Adhuhuri alimfunga Haraka nyuma ya ghala, na mbwa alilia malori yalipoingia kama mtoto aliyenyimwa kwenda harusini.

Na mimi nilimwombea. Pale kwenye kikundi chetu cha maombi, kila mtu alipotaja haja yake, mimi nilitaja mbwa. Wengine walitabasamu, lakini waliinamisha vichwa. Tuliomba kwamba kiumbe yule anenepe, aponywe na kifo. Mungu alisikia sawasawa na tulivyoomba.

Kila Jumamosi magunia yakiisha, kaka alimbeba Haraka, akapanda. Themanini na tano. Wiki iliyofuata, themanini na tano na nusu. Nyingine, themanini na tano tena. Alitoa sabini yake, akabaki na kumi na tano ile ile.

"Huyu mbwa anakula au anaficha?" aliniuliza siku moja.

"Lakini kaka, mbona naona amejaa? Mbavu hazionekani kama zamani."

"Manyoya hayo. Macho ni shahidi wa uongo, mdogo wangu. Yanaona yanachotaka."

Aliongeza yai. Akaongeza samaki. Namba ikakataa kusogea. Akaishuku mizani, maana mtu wa haki huanza kushuku chombo chake. Akatoa mawe ya chuma ya kupimia, yale yenye mhuri, akayapanga juu yake moja moja. Mizani ilisoma sawasawa, bila kukosea hata kidogo. Bonge alimwambia, "Basi kosa ni la mbwa." Kaka hakucheka.

Wakati huo mama alikuwa ameanza kulalamika mezani. "Mbwa anakula maini, wewe unakula habari za maini."

"Tumbo limejaa upepo, mama. Nitakula baadaye."

"Baadaye ya lini? Shati limekuwa la babu yako."

"Ni joto hili."

Nilimwona akitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari aliouchoma motoni. Alisema ngozi ya mkanda imelegea. Tulidhani ni mawazo ya mbwa yanamnyima hamu. Tulidhani pia anampa Haraka sehemu ya chakula chake, ingawa hakufanya hivyo. Chakula chake kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Alikuwa mtu wa kusimama na kutembea mchana kutwa, na watu wa hivyo hawanenepi. Ndivyo tulivyosema. Kila aliyefika kwetu aliuliza, "Mbwa anaendeleaje?" na sote tukamweleza habari za mbwa.

Mavuno yakaelekea ukingoni. Msimamizi aliuliza, kaka akasema ukweli, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kusema: "Kumi na tano." Msimamizi akamtazama mbwa, akamtazama kaka, akasema, "Mimi namwona bora. Lakini wewe ndiye mwenye mizani." Akapiga simu kwa daktari wa mifugo aje na sindano wiki ile.

Asubuhi ya sindano kaka aliniomba tufuatane. Alisema hataki kuwa peke yake. Nikaacha sare ya watu kwenye cherehani, nikaenda naye.

Daktari alikuja na mkoba wake, akapiga magoti mbele ya Haraka uwanjani. Alipitisha mikono ubavuni, huku na huku, akaibana nyama ya mgongo. Akainua uso.

"Nani kasema huyu hajanenepa?"

"Mizani," kaka akajibu.

"Mbavu nazigusa, hazionekani. Kiuno kipo. Huyu amefika. Mizani inasemaje?"

"Kumi na tano, tangu siku ile."

"Haiwezekani. Nionyeshe."

Kaka akambeba, akapanda, akitweta kidogo. Wapagazi wakasogea. Themanini na tano. Daktari akasimama nyuma yake, akasoma namba nyekundu kwenye aproni, akatazama jinsi aproni ilivyomlegea. Kisha akasema polepole, "Mshushe mbwa."

Kaka akamshusha.

"Usiteremke. Baki hapo hapo, peke yako."

Nilikuwa nimesimama upande wa kioo cha namba. Mshale wa mizani ulitikisika, ukatulia kwenye sitini na tatu.

Bonge alifungua kinywa kusema lake, kwa mazoea. "Toroli limekon..." Hakumaliza.

Kaka aliitazama ile namba muda mrefu, mikono yake ameifunga nyuma kama anavyosomea mzigo wa mkulima. Kisha akafanya hesabu kwa sauti, maana hakuweza kuacha hesabu bila kuimaliza. "Themanini na tano, toa sitini na tatu. Ishirini na mbili." Akamgeukia msimamizi aliyekuwa mlangoni. "Bosi, amefika."

"Nimeona," msimamizi alisema, na sauti yake haikuwa ya bosi tena. "Abaki. Kilo, teremka ukae."

Daktari wa mifugo alirudisha sindano mkobani, akamshika kaka mkono. "Mimi ni wa wanyama tu, kaka yangu. Lakini nenda hospitali leo. Usiseme kesho."

Tulikwenda. Walimpima, wakampima tena, wakamlaza kitandani wakapitisha mashine tumboni. Mganga mkuu alituita chumbani, akatueleza kwa maneno machache kwamba kitu kilichokuwa tumboni kimeshasambaa, na kwamba kazi iliyobaki ni kupunguza maumivu. Kaka aliuliza swali moja tu: "Kilianza lini?" Yule bwana akasema haiwezekani kujua, labda tangu kabla ya mavuno. Kaka akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali uzito wa mzigo.

Njiani kurudi aliniambia, "Miaka yote nawaambia watu chombo hakibadiliki."

Nilimshika mkono tukavuka barabara.

Hakukaa nyumbani sana. Alilazwa, na mimi nikachukua kazi ya makopo manne. Asubuhi hospitali, kisha ghalani, kisha cherehani, kisha ghalani tena. Mama alikaa naye mchana, akimwimbia tenzi za kanisani kwa sauti ndogo ili wagonjwa wengine wasisumbuke, na wagonjwa wengine wakamwomba aongeze sauti. Mchungaji alikuja akampa meza ya Bwana. Kaka alitubu aliyokuwa nayo, akasema amesamehe wote, hata wale wapimaji wa goti. Mchungaji hakuelewa, ila mimi nilielewa, nikatabasamu.

Jumamosi ya mwisho nilimpima Haraka mwenyewe. Bonge alinisaidia kumwinua mpaka mikononi mwangu, maana alikuwa mzito kwangu na hakuacha kunilamba shingo. Jioni nikampelekea kaka habari. Alikuwa amegeukia dirisha, kifua kimekuwa kama cha mbwa yule siku ya kwanza. Nilimwekea mto vizuri, na mikono yangu ikahisi kila mfupa.

"Ishirini na mbili na nusu," nikamwambia.

Akafumbua macho. "Ulijipima kwanza?"

"Nilijipima kwanza."

"Wiki hii? Si ya wiki iliyopita?"

"Leo hii, kaka. Kabla ya kumshika."

"Vizuri," akasema. Baadaye akaongeza, "Mpunguzieni mafuta sasa. Asipitilize." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia yenye maana kamili. Mengine yalikuwa maji, na mama, na jina la Mungu.

Baada ya ile simu nilifunga kopo tupu, nikaenda kumwambia Bonge. Alivua kofia, akakaa kwenye gunia. Akasema, "Mimi ndiye niliyeandika ile namba." Nikamwambia, "Ulikuwa unatuchekesha, kaka Bonge. Na yeye alicheka kuliko wote." Akalia kwa sauti ile ile ya ngoma, wapagazi wote wakaacha kazi. Kisha nikarudi nyumbani kwa mama. Aliponiona mlangoni alizima redio, nikajua sina haja ya kusema.

Tulimzika siku ya tatu, mchana, kando ya mkewe. Ghala lilifungwa, na msimamizi akatoa lori la kubeba jeneza, likapitia ghalani kuwachukua wapagazi. Lilipoanza kutoka getini, Haraka alikata kamba akalifuata kama ilivyo desturi yake, na Bonge akapiga ubao wa lori kwa kiganja. "Simamisha! Mpandisheni huyo, msimwache akimbie. Atapungua, na Kilo atatuuliza." Wakampandisha. Alilala karibu na jeneza, kichwa juu ya miguu ya mbele, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mbwa yule akiwa karibu na lori bila kubweka.

Makaburini wapagazi sita walilichukua jeneza begani. Waliinua kwa pamoja, wakatulia kidogo kabla ya hatua ya kwanza, kama wanavyotulia na gunia, pale ambapo mtu hutaja uzito. Nilimwona Bonge midomo ikimtikisika. Hakuna aliyetaja. Wakaenda.

Mchungaji aliomba. Mama alitupa udongo wa kwanza, mimi wa pili, kisha watu wa kanisani, kisha wakulima waliokuja na mavumbi yao ya safari. Msimamizi alitupa wake, akafuta mkono kwenye suruali. Wapagazi walijaza kaburi kwa zamu, wakalipiga kwa migongo ya sepetu mpaka likawa sawa. Aproni haikuzikwa naye. Mama alisema ataiweka. Tukaimba ubeti wa mwisho, mchungaji akatubariki, nikamfunga Haraka kamba, nikamshika mama mkono, tukaondoka.